Hospitali Hii Iko ya Nani?
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, kikao cha mwezi)

Mwenyekiti ameniomba niongee juu ya hospitali. Nitaanzia kambini, juu kule ndiko wengi tulizoea matibabu.

Kule Lugufu na Nyarugusu ulienda na kadi yako, ulipimwa, ulipewa dawa, ulirudi. Hakuna aliyekuuliza franga. Halafu tukavuka ziwa, tukashuka Baraka, kila mutu akaenda kijijini kwao, na huko tukajifunza neno faktire. Mke wa mdogo wangu alipasuliwa ili mtoto atoke. Walipona wote wawili, Mungu asifiwe. Lakini wakamzuia wiki tatu kwenye hospitali (sitaitaja jina) mpaka tulipouza mbuzi wawili na baiskeli.

Zamani hospitali ilikuwa ya misioni ao ya kampuni. Kampuni ilitibu wafanyakazi wake, misioni ilitibu wa karibu. Mutu wa mbali alibebwa kwa tipoyi, na wengine waliishia njiani, wazee wetu hapa wanajua.

Mambo yalianza kugeuka kwa jirani zetu wa Maniema. Mwaka 1971, kule Kasongo, waganga pamoja na chuo cha tiba cha Antwerpen walijaribu kitu kingine: mwuguzi akae karibu na kijiji, kwenye kituo, atibu magonjwa ya kila siku. Hospitali ipokee wale wazito tu, wakiwa na barua ya kituo. Miaka ya 1980 serikali ikashika njia kama ile, ikagawa inchi katika zoni za afya 306. Leo ziko 519, na kila zoni inapaswa kuwa na hospitali yake ya rufaa.

Kwa kuchora ramani serikali ilifanya vizuri. Kwa makuta, hapana. Mwuguzi asipolipwa, hospitali inakula kwa mgonjwa. Faktire ya shemeji yangu ilitoka hapo.

Vita nayo ikaja. Tarehe 6 Oktoba 1996 wagonjwa waliuawa Lemera, wakiwa vitandani. Dokta Mukwege alikuwa mganga mkuu pale. Mwaka 1999 alianza upya Panzi, Bukavu. Huku kwetu Fizi, Madaktari Wasio na Mipaka walifika 2003, na penye walitibu, mgonjwa hakulipa. Tunawashukuru. Lakini tulianza kusema "hospitali ya wazungu", na mradi ukifungwa mzungu anapanda gari, sisi tunabaki na malaria yetu.

Sasa sikilizeni habari ya Bwamanda, kule Equateur ya zamani. Kuanzia 1986 watu wa kule waliweka mchango wa hospitali mara moja kwa mwaka, wakati wa kuuza mavuno, kipindi mutu alikuwa na kitu mkononi. Mwanzoni ilikuwa kama bei ya kilo mbili za soya. Mutu akilazwa, alilipa sehemu moja kwa tano, sanduku lililipa nyingine. Hawakuwa matajiri kutupita.

Najua mutasema: sanduku letu la kwanza lililiwa. Ni kweli. Mimi nilikuwa kwenye ile kamati, na sikuuliza swali hata moja mpaka tulipolikuta tupu. Kwa hiyo safari hii naomba funguo mbili, moja ikae kwa mama asiye wa kamati, na daftari lisomwe kwa sauti kila kikao. Tena, mbele ya kutoa hata franga moja, tuende kwa mganga mkuu wa zoni, atuandikie bei ya kupasuliwa na bei ya kulazwa, na muhuri juu yake.

Nyumba ishirini hazitoshi. Wagonjwa wawili tu watalimaliza sanduku. Tukifika mia moja, tunaweza kuanza baada ya maharagwe. Mama mweka hazina amekaa pale chini ya mwembe na daftari. Leo anaandika majina tu, hapokei makuta.