Hesabu ya Siku za Kushika Mimba

(Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia)

Leo tumewaomba akina baba nao waketi hapa mbele, wasibaki kule chini ya mti, kwa maana jambo hili ni la watu wawili.

Katika kutembelea vikundi tulikutana na dada mmoja aliyeolewa miaka minne bila kupata mtoto. Bwana yake anafanya kazi Mombasa, na kila mwezi hupewa siku nne za kuja nyumbani. Walikuwa wameambiwa kwamba mama hushika mimba mara tu damu ya mwezi inapokatika, basi wakapanga likizo iangukie siku hizo. Kila mwezi damu ikarudi. Mama mkwe akaanza kutafutia mwanawe bibi mwingine.

Tuliketi na huyo dada tukafungua kalenda. Kutoka hedhi moja hadi nyingine anahesabu siku 34.

Sasa sikilizeni vizuri. Yai la mama likishatoka huishi saa 12 hadi 24 tu. Mbegu za baba zinaweza kukaa hai ndani ya mwili wa mama hadi siku 5. Kwa hivyo siku za kushika mimba ni kama 6 tu katika mzunguko mzima: siku tano kabla ya yai kutoka, na siku yenyewe. Ni afadhali mbegu zingojee yai, kwa sababu yai halingoji.

Yai hutoka lini? Wengi husema siku ya 14, kana kwamba akina mama wote ni sawa. Hiyo ni ya mama mwenye siku 28. Kutoka yai litoke mpaka damu ije ni kama siku 14, na hapo hapabadiliki sana. Kinachorefuka au kufupika ni ile sehemu ya kwanza. Basi hesabu kutoka nyuma: 34 toa 14, ni siku ya 20. Bwana wa yule dada alikuwa akija siku ya 6 na kurudi kazini siku ya 9! Mama mwenye siku 24, yeye yai lake hutoka karibu siku ya 10.

Chukua kalenda ya ukutani. Siku ya kwanza ya damu tia alama, hiyo ndiyo siku ya 1. Fanya hivyo miezi sita hivi, uone siku zako ni ngapi. Lakini hesabu ni makadirio tu, maana ugonjwa, safari au mawazo huweza kuchelewesha yai. Kwa hivyo angalia pia ute. Siku za rutuba zikikaribia, ute wa ukeni huwa mwepesi, unateleza, unavutika kati ya vidole kama ute wa yai bichi la kuku. Ukiuona, msingoje. Kutaneni kila siku au siku moja baada ya nyingine mpaka ukauke.

Mzee mmoja alituuliza kama baba ajizuie wiki mbili ili mbegu zipate nguvu. La, mzee. Kukaa muda mrefu hakuzipi nguvu.

Mkijaribu mwaka mzima bila mimba, nendeni hospitali, nyote wawili. Mama aliyepita miaka 35 asingoje zaidi ya miezi sita, na ambaye hedhi yake hupotea miezi aende mapema. Kisonono na klamidia zisizotibiwa huweza kuziba mirija ya mama bila yeye kujua. Baba naye apimwe mbegu. Kipimo hicho ni chepesi kuliko vingi wanavyofanyiwa akina mama, lakini tumeona wanaume wakikikimbia huku mama akitumwa kwa waganga watatu.

Yule dada na bwana yake sasa wanapigiana simu ute unapoanza, naye huomba likizo yake wakati huo. Mimba bado. Wamekubaliana wasipofanikiwa kufikia mwisho wa mwaka wataenda kupimwa pamoja, na mama mkwe ameelezwa hivyo na mwanawe mwenyewe.

Kalenda ziko kwa katibu wa kila kikundi. Mwenye swali la siri atukute baada ya chai.