Bustani ya Kichanja na Usalama wa Mipaka

Maneno yaliyotolewa Kigali mbele ya wawakilishi wa jamii za mipakani



Huenda mmoja wenu anajiuliza: polisi na saladi, wapi na wapi? Swali ni halali, nasi tutalijibu kwa kisa. Alfajiri moja, kwenye njia ya panya upande wa kaskazini, tulikutana na mama mtu mzima aliyebeba tita la mboga kichwani. Hakuwa na magendo mengine. Tulipomhoji, alitueleza kwamba kishamba chake kipo nyuma ya nyumba, ila mgongo haukubali tena kuinama, na jembe alikwisha kuliweka. Basi hununua mboga ng'ambo, akaja kuziuza kwetu, na hukikwepa kituo cha mpaka kwa kuogopa foleni na maswali. Tulimwongoza hadi kituoni, akahudumiwa, akaenda zake. Maneno yake lakini yalibaki nasi. Mtu alikuwa akiyahatarisha maisha yake gizani, mtoni na vichakani, kwa sababu ardhi yake iko chini mno kuliko mikono yake.

Nchini mwetu kila kijiji kinaifahamu bustani ya jikoni, akarima k'igikoni: lile tuta la mviringo lililozungushiwa mawe au miti, ambalo tumelijenga pamoja nanyi mara nyingi siku ya Umuganda, Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Ni bustani njema, nasi hatuji kuiondoa. Hata hivyo humtaka mwenyewe ainame au apige magoti. Mzee, mjamzito aliyekaribia kujifungua, na mtu anayetumia kiti cha magurudumu hawaifaidi ipasavyo.

Kichanja huipandisha bustani hadi kiunoni. Ni sanduku la mbao juu ya miguu minne au sita, mfano wa kile kichanja cha kuanikia vyombo kilichoko uani kwa kila mmoja wenu. Ukingo wake wa juu uwe sentimita 80 hivi kutoka ardhini. Kwa anayeketi kwenye kiti cha magurudumu, miguu ipangwe ili magoti yaingie chini bila kugonga. Udongo usipungue kina cha sentimita 20. Saladi haihitaji zaidi, kwani mizizi yake ni mifupi. Vivyo hivyo mchicha, ambao sisi huita dodo na jirani zetu wa Goma na Bukavu huita lengalenga, ukivunwa ungali mchanga. Karoti na mihogo viacheni shambani.

Sasa tusimame kidogo kwenye miguu ya kichanja, maana hapa ndipo tulipopata fundisho. Cha kwanza tulichokijenga sisi wenyewe kilianguka baada ya mvua ya usiku mmoja. Tulikuwa tumehesabu uzito wa udongo mkavu, tukasahau maji. Sanduku la mita 1 kwa sentimita 60, lenye kina cha sentimita 25, hubeba lita 150 za udongo, na ukilowa uzito wake huweza kupita kilo 200. Likimwangukia mtoto anayecheza chini yake, hilo si suala la kilimo tena. Kwa hiyo: miti minene ya mikaratusi, mihimili ya kukingama, na kila mguu ukae juu ya jiwe bapa.

Sakafu ya sanduku itobolewe matundu, kisha itandazwe kokoto. Ninyi wa Musanze na Rubavu mmejaliwa changarawe nyepesi ya volkano. Hiyo ndiyo bora. Juu yake wekeni udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza miche, tena saladi huliwa bila kupikwa. Kwa sababu hiyohiyo maji ya kumwagilia yasiwe ya mfereji wa taka. Na pipa lililowahi kubeba dawa za wadudu halifai kabisa, hata likioshwa mara kumi.

Mbegu ya saladi ni ndogo na hupenda mwanga. Ifunikwe kwa udongo kidogo sana. Mwagilieni asubuhi na jioni wakati wa kiangazi cha Juni hadi Agosti, kwani sanduku hukauka upesi kuliko shamba. Mkianza kuvuna, chumeni majani ya nje na kuuacha moyo wa mche. Utaendelea kutoa kwa majuma kadhaa.

Tunajua mboga za uani hazitaiondoa biashara ya kuvuka mpaka, wala hatutaki iondoke. Wakaaji wa Gatuna lakini hawajasahau mpaka ulipofungwa Februari 2019 hadi ulipofunguliwa tena Januari 31, 2022. Aliyekuwa na mche uani hakungoja habari za mpaka ili watoto wale mboga.

Kwa wanaovuka na bidhaa, kuna mambo mawili ambayo sisi hulazimika kuyasimamia. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008, na sheria ya 2019 ikaongeza vyombo vingine vya plastiki vya kutumiwa mara moja. Msije na vifuko vya kuoteshea miche. Ganda la mgomba lililokunjwa hufanya kazi hiyo vizuri, na huoza pamoja na mche udongoni. Pili, mbegu na miche haipiti mpakani bila cheti cha afya ya mimea. Si ukaidi wa askari. Mche mmoja wenye ugonjwa huweza kuharibu bonde zima.

Iwapo maji ya kichanja yatamdondokea jirani, au mbuzi wa jirani akasimama kwa miguu miwili na kula saladi zako, mwambieni kiongozi wa kijiji, na likishindikana wapo Abunzi. Tumekwisha kuona ugomvi wa majani ukimalizikia kwa panga.

Kichanja cha mfano kipo nje, nyuma ya ukumbi huu. Kipimeni, kitikiseni, kiulizeni maswali yote. Miche iliyo katika maganda ya mgomba ni zawadi kwa wakaaji wa upande huu. Ndugu zetu mliotoka ng'ambo, mtuwie radhi: yenu haina cheti. Kwenu tumeandaa kamba iliyofungwa mafundo kwa kila kipimo, na hiyo hakuna askari atakayewauliza habari zake.