Mtoto Hujifunza Ukweli Wapi?

Maneno yaliyosemwa mbele ya wazazi na vijana, Buyenzi, Bujumbura



Wazee wangu, mama zangu, nanyi vijana mlioketi huko nyuma: viongozi wa chama chetu wameniomba niseme juu ya kuwafunza watoto ukweli na uaminifu. Nimekubali, ingawa jambo hili lanihusu mimi kabla ya kuwahusu nyinyi.

Twapenda kudhani ya kwamba mtoto hufunzwa ukweli chuoni. Sivyo. Hufunzwa nyumbani, na aghlabu pasipo sisi kujua kwamba twafundisha. Baba ameketi barazani pake hapa Buyenzi, simu yalia, naye ajibu, "Niko Gitega, nitarudi kesho kutwa." Mtoto yu ubavuni pake na kikombe cha chai. Somo limekwisha somwa. Jioni baba akimwuliza kama amesali, naye akajibu, "Nimesali," na mkeka haujakunjuliwa, tumlaumu nani?

Amepokea Abdullahi bin Amir, katika mkusanyo wa Abu Daud, ya kwamba alipokuwa mtoto mama yake alimwita aje ampe kitu, na Bwana Mtume (S.A.W.) alikuwapo nyumbani mwao. Mtume akamwuliza mama yule alikusudia kumpa nini. Akajibu, tende. Akamwambia ya kwamba lau asingempa kitu, angeandikiwa uwongo. Neno dogo la kumvuta mtoto, ambalo sisi hatulihesabu kabisa!

Sasa niseme langu. Zamani kijana mmoja wa chuo changu, wa miaka 13, alikabidhiwa na wenziwe ada ya juma aniletee. Akala sehemu yake kwa maandazi. Hapana aliyemwona. Alinijia mwenyewe baada ya Alasiri, akitetemeka, akanieleza yote. Nami nikamchapa mbele ya wenziwe, nikidhani nalinda amana. Laiti ningalijua! Tangu siku ile kioo kikivunjika, hapana aliyekivunja. Msahafu ukipasuka, hapana aliyeugusa. Chuo kizima kilijifunza kwa fimbo ile kwamba msema kweli ndiye apigwaye.

Fedha za watu ilimpasa azilipe, sikatai. Lakini ukweli wake ulistahili heshima, nami niliadhibu vyote viwili pamoja. Alipokuwa mtu mzima, fundi wa magari, nilimwendea nikamwomba radhi. Akacheka, akasema amekwisha sahau. Nadhani alinistahi tu.

Bwana Mtume alipohama Makka mwaka 622, alimwachia Sayyidna Ali, kijana wa miaka ishirini na kitu, amana za watu azirudishe kwa wenyewe. Kijana hafunzwi uaminifu na mikono mitupu.

Kwa hiyo sikusanyi tena ada mimi. Wanafunzi hushika kisanduku na daftari kwa zamu. Mwezi uliopita zilipungua faranga 500, na mwenye zamu akaja kuniambia kabla sijauliza. Nikamkaribisha mkekani, tukahesabu pamoja.