Kolera na Kisima Chetu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa watu wa site, Likasi)



Tumeombwa kusema juu ya kolera, na labda mmoja wenu anauliza: karani wa mine anajua nini juu ya kolera? Kweli, sisi si waganga. Kazi yetu ni kuandika na kuhesabu. Lakini kolera nayo ina hesabu yake.

Mtu aliyeshikwa na kolera kwa nguvu anaweza kupoteza lita moja ya maji kwa saa moja. Anakwenda kazini asubuhi, na usiku amekufa. Asipotunzwa, katika watu wawili walioshikwa vibaya mmoja anaweza kufa. Akitunzwa upesi, katika watu mia hafi hata mmoja. Na dawa yenyewe si ya bei kali: kwanza ni kurudisha maji na chumvi ndani ya mwili.

Basi kwa nini watu wanakufa? Tuseme wazi jambo lililotokea katika avenyu yetu wakati wa mvua. Baba mmoja alianza kuharisha usiku. Watu wa nyumba wakafunga mlango. Waliogopa deni la lupitali, na waliogopa midomo ya majirani, maana kolera inaitwa ugonjwa wa watu wachafu. Mama akamwaga ndoo nyuma ya nyumba, hatua chache tu kutoka kisima ambacho sisi sote tunateka maji wakati robine zimekauka. Tulipata habari siku ya pili. Tukampeleka juu ya kinga, wawili wakimshika, na alipona. Lakini kabla ya juma kwisha watoto watatu wa nyumba nyingine wakalazwa, na mmoja hakurudi. Siku ile tulimlaumu yule mama sana. Tulikosa. Haya iliyomfunga mlango tulimpa sisi wenyewe kwa maneno yetu.

Wazee wanatuambia: zamani, katika kambi za kompani, mambo haya hayakuwa hivi. Ni kweli, lakini tuangalie vizuri. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na katika miaka ya kwanza wafanyakazi wengi walikufa kambini kwa kuhara damu, homa ya tumbo na ugonjwa wa mapafu. Wakubwa walipiga hesabu, wakaona kwamba mfanyakazi akifa, kumtafuta mwingine mbali na kumfundisha kazi ni gharama kubwa. Ndiyo maana tangu miaka ya 1920 walijenga nyumba bora, wakaleta wake, wakapima watoto uzito, wakachunga maji na misalani. Faida tuliipata, hatukatai. Lakini ufunguo wa robine ulikuwa mkononi mwa kompani. Hakuna aliyetufundisha kuushika.

Tena hesabu ikageuka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, ulianguka, na shaba ya Gécamines ikapungua sana. Katika miaka ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kazini kwa kupewa feza mara moja. Pampu na mabomba yakazidi kuzeeka, na watu wakachimba visima nyuma ya nyumba, karibu na misalani. Mwanzo wa mwaka 2008 kolera iliingia kwa nguvu Lubumbashi na hapa kwetu Likasi. Wengine wenu mnakumbuka.

Wako watu watakaosema: maji ni kazi ya Serikali. Ndiyo, ni kazi yake, na tutazidi kuidai. Lakini mvua itafika kabla ya jibu la barua zetu.

Nchi yetu imegawanywa katika zone za afya zaidi ya 500, na chini yake kuna vituo vya afya na wale wandugu tunaowaita relais, wanaopita nyumba kwa nyumba. Wengi wao hawana mshahara. Tunajua vitabu vya mishahara, wandugu, na jina la relais halimo. Hata hivyo wakipiga hodi tunawaambia warudi kesho. Tangu leo wafungulieni. Mgonjwa akianza kuhara maji kama maji ya mchele, mwiteni relais saa ile ile, hata usiku.

Wakati mnatengeneza njia ya kwenda kituoni, mpeni mgonjwa maji haya: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo ya chumvi, vijiko visizidi ukingo. Anywe kidogo kidogo bila kuacha. Akitapika, ngojeni dakika kumi, mwanze tena. Mama anayenyonyesha asiache kunyonyesha. Vinyesi visimwagwe uani: viende msalani, na ndoo ioshwe kwa klore, mikono kwa sabuni.

Na kisima? Tunaomba kiwe na ukuta mfupi, kifuniko, kamba moja na ndoo moja tu, isiyowekwa chini. Musalani mpya usichimbwe karibu nacho. Metre 30 zipite kati. Wakati wa mvua mtu mmoja akae pale asubuhi na jioni na kutia klore katika kila bidoni, kwa kipimo cha watu wa kituo, na bidoni ingoje nusu saa kabla ya kunywa.

Kwa kifuniko na kamba, kila nyumba itoe franka 500 kwa mwezi. Kitabu cha feza tutakiandika sisi, lakini mfuko utashikwa na mama wawili mtakaowachagua, na kila Jumapili kitabu kitasomwa hapa. Tunahitaji pia watu kumi na wanne wa kukaa kisimani, wawili kwa kila siku ya juma. Karatasi iko mezani, na kalamu iko. Yule mama wa avenyu yetu amekwisha kuandika jina lake, kwa siku ya Jumatatu.