Jino nalo ni ugonjwa
(Maneno tuliyotoa kwenye mkutano wa wanachama, Baraka)

Tukipita mitaani munatuuliza: mwenye hana pesa ya dawa ya meno afanye nini?

Kijiti kinatosha, cha mwarobaini ama cha mpera. Tafuna ncha mpaka ilainike, sugua polepole asubuhi na mbele ya kulala. Usiku ndio muhimu zaidi, juu ukilala mate yanapunguka, na mate ndiyo yanalinda meno. Majivu na mkaa acheni: vinakwangua jino, na jino lililokwanguliwa haliote tena. Ufizi ukitoa damu, nusu kijiko kidogo cha chumvi ndani ya kopo la maji ya vuguvugu, sukutua, tema. Karafuu inatuliza maumivu, ni kweli. Lakini tundu linabaki palepale.

Sasa tuko na neno na ninyi. Tulimkuta mama mmoja shavu limevimba, homa iko juu, kumeza mate ni shida. Alikuwa amesukutua chumvi siku nne, kwa sababu sanduku lenu la msaada linalipia malaria na uzazi, jino halimo. Aliambiwa jino si ugonjwa. Jamani! Usaha wa jino unashuka shingoni, unaziba pumzi, unaingia katika damu. Unaua. Alipona, lakini mbuzi wake wawili waliuzwa.

Tunaomba komite iandike uvimbe wa jino kwenye orodha ya sanduku mbele ya mkutano ujao.