Nusu Iliyoachwa Nje ya Filamu

Kila inapotangazwa kwamba riwaya pendwa ya watoto inapelekwa kwenye sinema, namkumbuka Michael Ende. Mwandishi huyu Mjerumani alichapisha Die unendliche Geschichte (Hadithi Isiyo na Mwisho) mwaka 1979. Kitabu kilipigwa chapa kwa wino wa rangi mbili, mwekundu kwa ulimwengu wetu na wa kijani kwa nchi ya njozi, hivyo mtoto alijua yuko wapi kwa kutupia jicho tu.

Filamu ya kitabu hicho, iliyoongozwa na Wolfgang Petersen, ilitoka mwaka 1984, ikapendwa mno. Ende alikwenda mahakamani kuipinga, akashindwa. Jina lake likaondolewa mwanzoni mwa filamu, kwa matakwa yake mwenyewe.

Mahakama ina sheria zake, lakini mimi kama msomaji nasimama na Ende. Filamu inaishia karibu na katikati ya kitabu, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye uzito. Humo mvulana Bastian anatimiziwa kila anachotamani, na kila tamanio linamnyang'anya kumbukumbu, hadi anasahau hata jina lake. Kwenye filamu matamanio hayamgharimu kitu: anapanda joka jeupe na kuwatimua watoto waliokuwa wakimwonea.

Kufupisha hakuepukiki, nakubali. Basi mwongozaji apunguze mapigano, apunguze hata majoka. Ile gharama ya kutamani asiiguse kabisa. Watoto waliosoma kitabu waliielewa bila kufafanuliwa na mtu, na wale waliokaa mbele ya skrini wangeielewa pia.