Kila parseli, mti mmoja wa avoka



Kuko wenye kusema: "Huku Goma ni mawe ya volkano tu, mti utaota wapi?" Utaota. Vunja mawe, chimba shimo la sentimita 60 kila upande, jaza udongo mweusi na mboleo ya mbuzi iliyooza. Panda avoka iliyopandikizwa: inaanza kuzaa kisha miaka 3 ao 4, ya mbegu inaweza kupita 6. Iache mbali na ukuta, mita 5 hivi. Kiangazi, mwangilia.

Na wewe mpangaji, usikate tamaa. Patana kwanza na mwenye parseli, muandikiane: matunda tunagawana, mti haukatwe. Njaa ya watoto haingoje tupate nyumba zetu.